Kiti kimoja kuuzwa mara mbili si kosa la mtandao

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa sikukuu husikika malalamiko ya abiria wawili kukutana ndani ya basi, kila mmoja na tiketi halali ya kiti kile kile, na jibu wanalopewa huwa ni kwamba mtandao ulisumbua. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu za aina hiyo, naomba nafasi nieleze kwa nini jibu hilo haliniridhishi.

Mara nyingi kasoro imo katika programu yenyewe. Programu huiuliza kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu za mfumo, kama kiti namba 14 kiko wazi, hujibiwa kwamba kiko wazi, kisha huandika jina la mnunuzi. Baina ya kuuliza na kuandika hupita sehemu ndogo ya sekunde, na katika upenyo huo wakala aliyeko kituoni na mteja aliyeko nyumbani na simu yake huweza kupata jibu moja. Hata mtandao uwe mzuri namna gani, kosa hili litatokea, na wateja wakiwa wengi litazidi.

Dawa yake ni ya siku nyingi. Programu za kanzidata kama PostgreSQL, Oracle na MySQL yenye InnoDB (sehemu yake inayohifadhi data) huruhusu kufunga rekodi moja tu, yaani mstari wa kiti kimoja: ndani ya muamala, yaani kundi la hatua zinazokamilika zote au kufutwa zote, amri ya kusoma iitwayo SELECT humalizikia na maneno FOR UPDATE. Aliyetangulia hushika kufuli, na anayefuata kwa amri hiyo hiyo husubiri hadi muamala wa kwanza ukamilike au ufutwe, ndipo aambiwe kama kiti kimechukuliwa au bado kiko wazi. Anayenunua kiti namba 15 haguswi, wala anayetazama tu viti kwa SELECT ya kawaida hazuiwi. (Wanaotumia InnoDB wasisahau faharasa, yaani orodha ya kuitafutia rekodi moja kwa moja; bila hiyo hufungwa kila rekodi iliyopitiwa katika kutafuta.)

Wapo wanaoijua dawa hii lakini wakaizidisha, wakashikilia kufuli muda wote ambao mteja anaingiza namba ya siri ili alipe kwa simu. InnoDB, isipobadilishwa mipangilio, humkatalia anayesubiri baada ya sekunde 50, ilhali PostgreSQL humwacha asubiri bila kikomo. Ilivyo sahihi ni kufunga, kuandika kwamba kiti kimeshikiliwa na fulani hadi saa fulani, kisha kukamilisha muamala papo hapo. Malipo yakithibitishwa, rekodi hufungwa tena na kukaguliwa kabla ya tiketi kutolewa. Anayenunua viti kadhaa, programu ivifunge kwa mpangilio wa namba, la sivyo miamala miwili itasubiriana na kanzidata italazimika kuua mmojawapo.

Kwa hiyo nawasihi wamiliki wa mabasi, kabla ya kulipia mfumo wowote, wadai kuoneshwa maombi 100 yakitumwa kwa mpigo kwa kiti kimoja, na zikitoka tiketi mbili, wasilipe.

Mwandishi wa programu,
Dar es Salaam