Somo, nitumie vipimo vyako

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila vidole vinaniuma na macho yamekuwa mekundu, na chanzo ni wewe.

Najua umenuna. Miezi mitatu kimya, simu zako mbili sikupokea, na ulipouliza "sweta yangu imefika wapi?" nilikujibu kwa kikatuni cha kucheka. Si dharau, somo. Ni haya. Sasa nimechoka kujificha, na nimeona heri niandike, maana kwa simu ungeangua kicheko kabla sijafika kwenye shida yenyewe.

Shida ni kwamba sweta yako imekwisha. Yaani imekamilika. Halafu mnaenea wawili.

Ngoja nianze mwanzo. Ile kozi niliyokwambia niliingia kweli, na si ya kufuma tu, ni ya kubuni sweta za vifungo, zile kadigani, kuanzia karatasi tupu. Mimi nilidhani nitapewa maelekezo nifuate: fuma mistari kumi, punguza hapa, ongeza pale. Wapi! Somo la kwanza sindano hatukuzigusa. Tulishika tepu na penseli, tukapimana, kisha mwalimu akauliza: nguo hii itavaliwa juu ya nini? Itafungwa vifungo au itaachwa wazi? Kila jibu linageuka namba. Hesabu tulizozikimbia shuleni, mimi na wewe tukijificha nyuma ya Asha, zimenikuta ukubwani. Lakini nikwambie, nimezipenda. Mkono unaanza na vitanzi 76 juu, kwenye kifundo unataka 48. Unapunguza viwili viwili, kwa hiyo mara 14. Urefu unatoa mistari 112. Gawanya: kila mstari wa nane unapunguza. Siku ile hesabu ilipokubali bila salio nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Sasa kosa. Kabla ya kuanza lolote unafuma sampuli, kipande cha mraba, unakifua, unakikausha, ndipo unahesabu vitanzi vingapi vimo ndani ya sentimita 10. Mwalimu alisema fua. Alirudia. Mimi na haraka zangu nikafuma kijipande kama kiganja, nikakilaza gotini, nikakivuta kidogo, nikahesabu 22, nikaridhika. Kifua chako nilikikumbuka ni 96, tangu tuliposhonewa sare za kwaya. Nikaongeza 8 za kupumulia, ikawa 104. Mara 2.2, unapata 228 na ushee. Nikaanzisha vitanzi 228, nikafuma wiki sita.

Siku ya kuifua nilikuwa na furaha kama bibi harusi. Beseni, maji vuguvugu, sabuni kidogo, nikaikamua kwa kuikanyaga ndani ya taulo, nikaitandaza kitandani. Na pale pale, mbele ya macho yangu, ikaanza kujinyoosha kama paka aliyetoka kulala. Uzi wenyewe ni ile sufu iliyotiwa dawa isisinyae ikifuliwa, na kumbe uzi wa namna hiyo ukilowa hulegea. Nikachukua tepu mkono unatetemeka. Vitanzi 20 ndani ya sentimita 10, si 22. Vitanzi viwili tu! Lakini 228 kwa 20 ni sentimita 114. Sentimita kumi nzima zimetoka kwenye vitanzi viwili nilivyoona uvivu kuvihesabu vizuri.

Mjomba akapita, akaona, akasema haina neno, ataivaa yeye. Kuijaribu, imemkaa vizuri sana! Alipofika kwenye vifungo akaanza kupigana navyo. Akagundua matundu ya vifungo yapo upande wa kulia, akaivua. "Hii ya kike," akanirudishia. Dakika moja kabla alikuwa anajitazama kwenye kioo ubavu kwa ubavu.

Na hayo matundu yalinitesa, usione hivi. Ule ukanda wa mbele wa vifungo hufumwa mwishoni, unaokota vitanzi pembeni mwa sweta kuanzia chini hadi shingoni. Mimi nikaokota kimoja kwa kila mstari, nikiona ndiyo haki. Ukanda ukatoka na mawimbi kama sikio la tembo. Kumbe kitanzi ni kipana kuliko urefu wake, kwa hiyo kwa kila mistari minne unaokota vitatu tu. Nikafumua ukanda, nikarudia, ukanyooka kama rula. Wakati ule nilijiona fundi. Kumbe kiwiliwili kizima kilikuwa kinanisubiri.

Mwalimu nilipomwonyesha hakunigombeza. Aliigeuza, akaitazama kwa ndani, akasema mshono wa bega ni mzuri. Kisha akasema, "Fumua."

Nimeanza na mkono wa kushoto. Wiki moja ya kazi imeisha kwa dakika ishirini, somo, ninavuta tu na uzi unakuja huku unajikunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga mahali panne usichanganyike, unaulowesha, unaning'iniza ukauke, unanyooka. Uzi haupotei. Kinachopotea ni jioni zangu. Nikafumua na wa kulia. Kiwiliwili bado. Kila nikikishika nakiweka chini. Kimekaa kwenye kiti kinanitazama, na mimi nakitazama.

Sasa ndio ombi langu. Sitaki tena kukisia mwili wako kwa kumbukumbu za kwaya. Kuna njia ya Elizabeth Zimmermann, yule bibi mzaliwa wa Uingereza aliyefumia Marekani, ya kutoa sweta nzima kutoka namba moja: vitanzi vya kiwiliwili ndio mia, mkono kwenye kifundo ni asilimia 20, juu ya mkono kama 33, shingo 40. Njia nzuri mno, na nimeipiga hesabu kwa vitanzi 208, yaani zile sentimita 104 mara 2 badala ya 2.2: mkono wa juu unakuja 69, kifundo 42. Lakini mikono yako mimi naijua. Aliyebeba ndoo na watoto miaka yote hiyo hawezi kuwa asilimia 33 ya mtu.

Kwa hiyo chukua ile sweta ya kijivu, ile uliyomwibia Neema na hukuwahi kuirudisha, kwa kuwa ndiyo inayokukaa. Ifunge vifungo, ilaze mezani bila kuivuta, upime kwapa hadi kwapa, mimi nitazidisha mara mbili. Kisha kwapa hadi pindo la chini. Kisha mkono, kutoka kwapani hadi mwisho wake. Baada ya hapo jipime mwenyewe: kifua pale kilipojaa, na mkono wa juu pale ulipo mnene. Tepu isikubane, na usijivute tumbo ndani! Sipimi uzuri, napima nguo. Mwambie mtu akusaidie, ukijipima peke yako tepu inashuka mgongoni.

Na uniambie: huko ofisini bado kiyoyozi kinakugandisha, au walishakihamisha? Maana kama baridi bado, nitakufumia shingo ya juu, la sivyo nifanye ya V. Unataka mifuko? Mifuko naiweza, ila ukiijaza simu na funguo inavuta sweta yote chini, na nakufahamu. Vifungo saba vinatosha, au uko radhi na vitano? Asha alipata alichokwenda kutafuta? Na Neema, anajua sweta yake iko wapi?

La mwisho, unijibu kwa ukweli, hapa tuko wawili tu. Tangu zile sare za kwaya, hukunenepa hata kidogo? Sisemi sana. Ukiwa umefika 106, niambie, nirudishe mikono tu, kiwiliwili nikiache kilivyo.

Mimi somo wako,
wa sindano tupu