Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kabla hujachagua kinyonga wa kuzalisha

Ndugu wanachama, habari zenu. Mambo ya fedha mtayapata kwa mweka hazina, sitayarudia hapa. Kuhusu uanachama niseme tu kwamba tumeongezeka, wapya ni wengi, na karibu wote wameingia na swali moja: nizalishe kinyonga gani? Nimeulizwa hilo kwenye grupu, kwenye simu, hadi kwenye mkutano wa nusu mwaka tulipokuwa tunajadili katiba, kwa hiyo kamati ikaona taarifa ya mwaka huu ikae humo humo na mengine yapite haraka.

Jibu letu ni hili: usichague kwa kumtazama dume. Tazama jike, mayai na watoto. Najua wengi mmevutwa na picha ya dume la kinyonga pantha wa Ambilobe huko Madagaska, bluu juu ya nyekundu, na ni zuri kweli sibishi, ila dume ndo sehemu nyepesi kuliko zote. Anakaa kwenye kizimba chake cha wavu, anaota taa, anakunywa matone ya maji kwenye majani, basi. Kazi yote iko upande wa pili.

Nianze na kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus, maana ndo kila mtu anaambiwa aanze naye. Ni mvumilivu, kweli, joto analiweza na anasamehe makosa mengi ya mtu anayejifunza. Lakini rahisi kufuga na rahisi kuzalisha ni vitu viwili tofauti jamani. Jike anaweza kuanza kutengeneza mayai akiwa na miezi mitano sita tu, hata kama hajawahi kuona dume maishani mwake, na akilishwa bila kipimo anataga 60 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Ukimpandisha mara moja anahifadhi mbegu mwilini, kwa hiyo mkupuo unaofuata nao unaweza kuangua bila dume kurudi. Sasa piga hesabu mwenyewe, watoto 60, miezi michache tu kila mmoja anataka sehemu yake maana wakikaa pamoja wanang'atana mikia na yule mdogo anaacha kula kwa kutazamwa tu na wenzake, halafu taa, halafu inzi wa matunda na nyenje wadogo kila siku asubuhi, hakuna jumapili. Mwaka huu kwenye grupu letu hakuna tangazo lililojirudia kama la "nani anachukua watoto wa Yemen", bure kabisa, na wakakosa watu.

Msimamo wangu, na kwenye kamati wapo wanaonipinga, ni kwamba mfuge ila usimpandishe mpaka uwe na majina ya watakaochukua watoto. Jike asiyepandishwa mpunguzie chakula na joto kidogo akishakua, mayai yanapungua sana na anaishi miaka zaidi.

Na hata huyo asiyepandishwa lazima awe na ndoo ya kutagia. Hili narudia kila mwaka. Mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu, kina cha sentimita 30 hivi, ukichimba kishimo kwa kidole kisibomoke. Siku zake zikikaribia utaona anakataa chakula, anashuka chini, anatembea na kukwaruza kila kona. Hapo funika kizimba na shuka upande unaopitika na watu, acha kumchungulia. Akikuona unamtazama anaweza kuacha shimo katikati, na mayai yakikwama tumboni ni daktari wa mifugo haraka, sio kuuliza kwenye grupu saa nne usiku halafu unasubiri majibu. Akimaliza anafukia mwenyewe na kushindilia kwa miguu, anatoka amekonda na ana udongo mpaka kwenye macho. Mpe maji ya kutosha na kalsiamu.

Pantha sasa, Furcifer pardalis wa Madagaska. Mayai yake ni ya kiasi, mara nyingi 15 hadi 30, ila yanakaa miezi sita mpaka kumi na mbili na usiyageuze, weka alama ya penseli juu ili ujue upande. Ishu ya pantha ni damu, yaani ukoo. Madume yanatofautiana kwa eneo, Ambilobe, Ambanja, Nosy Be, Tamatave, Sambava, lakini majike karibu wote wanafanana, rangi ya pichi au hudhurungi, hata mzoefu hawezi kumtazama jike akaapa anatoka wapi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha kazi ya vinasaba vya hawa vinyonga, wakasema kile tunachokiita spishi moja huenda ni spishi 11. Yaani ukichukua jike usiyemjua ukoo ukampa dume la Ambanja kwa sababu tu ndo lililopo, unaweza kuwa unachanganya spishi, na watoto wakishauzwa kwa jina la Ambanja hakuna tena wa kuwatenganisha. Ndo maana tumefungua daftari la ukoo. Wengine wamelichukulia kama usumbufu wa karatasi, wananiambia mwenyekiti unatufanyia kama ng'ombe wa maziwa. Sawa. Jike asiye na ukoo kwenye daftari kamati haitamtafutia dume, mjadala umefungwa.

Kinyonga wa Jackson, Trioceros jacksonii, mwenye pembe tatu, wapya wanampenda kwa sababu anazaa watoto hai. Wanadhani wameruka kazi ya mayai. Hujaruka kitu, umeihamishia kwa mama tu, anabeba mimba miezi sita au zaidi na kosa lolote la joto linawapata yeye na watoto wote kwa pamoja. Huyu ni wa milima ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, usiku anataka baridi ya kweli, mchana nyuzi 24 mpaka 27 zinamtosha. Kama chumba chako usiku hakishuki achana naye, hata awe mzuri vipi. Kama unaishi kwenye baridi na unalalamika kila siku kwamba wa Yemen anakugharimu umeme, basi pengine huyu ndo wako. Watoto huja 8 mpaka 30 na zaidi, wadogo kweli, na wanakauka haraka kuliko mnavyofikiria.

Hapo hapo niseme la kuachia. Mwaka 1972 mfanyabiashara mmoja wa wanyama huko Hawaii alipokea vinyonga wa Jackson wamechoka na safari, akawaweka kwenye bustani yake wapate nafuu, wakatawanyika, na mpaka leo wako visiwani wanakula konokono na wadudu ambao hawapatikani mahali pengine popote. Wa Yemen nao wameshajaa Florida. Kwa hiyo mwanachama atakayesema watoto wamemzidi akawaachia mtini, katiba ina kifungu cha kumtoa na safari hii tutakitumia.

Mimi binafsi mtu akiniuliza pembeni namwelekeza kwa kinyonga wa zulia, Furcifer lateralis. Hana jina kubwa. Ni mdogo, sentimita 20 hivi na mkia wake, mayai 8 mpaka 20 kwa mkupuo, anakomaa ndani ya miezi michache, na hapa cha kushangaza jike ndo mwenye rangi nyingi kuliko dume. Anaishi muda mfupi, miaka miwili mitatu, na hilo linawavunja moyo watu, lakini kwa anayetaka kujifunza kuzalisha ni faida kwa sababu unaona mzunguko mzima, kutoka yai mpaka yai, ukiwa bado unakumbuka ulichofanya. Pia watoto wanaoingia kwenye meza moja sio janga. Tatizo ni kwamba wachache sana wanamfuga, damu inabana, tukiwaacha wawili watatu tu kwenye chama wanapandishana ndugu kwa ndugu na baada ya muda mayai yanaoza yote. Nataka tuwe na familia kadhaa zisizohusiana, ndo ombi langu kubwa kwa mwaka unaokuja.

Kuhusu kinyonga wa Parsons tumeulizwa sana. Calumma parsonii ni mkubwa, mpole, anachukua miaka kukomaa na mayai yake yanaweza kukaa karibu miaka miwili na yanataka kipindi cha ubaridi katikati ndo kiinitete kiendelee. Ukianza na huyo kabla hujaangua chochote, kwa maoni yangu unatafuta huzuni. Labordi, yaani Furcifer labordi, kinyonga mwingine wa Madagaska, aliulizwa mara moja kwa sababu mtu alisoma kwamba anaishi miezi minne mitano tu akishaangua, sehemu kubwa ya maisha yake yuko ndani ya yai. Ni ajabu kweli, sio wa kuanzia. Vinyonga vibete wa Tanzania, Rieppeleon, wanafaa kwa mwenye nafasi ndogo na chumba cha ubaridi, mayai yao machache.

Karatasi. Vinyonga karibu wote wako Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, Rhampholeon (vibete wengine wa Afrika) na Rieppeleon nao waliingizwa kwenye mkutano wa 2016, na Brookesia perarmata, kibete wa Madagaska, yuko cha I, kilicho kikali zaidi. Mnyama wa porini mara nyingi anakuja na minyoo, jike anakuja na mimba usiyoijua, na wewe unahesabu umefanikiwa kuzalisha kumbe umepokea tu. Chama kinamtambua kama mfugaji mzalishaji yule aliyepandisha mwenyewe wanyama waliozaliwa ndani, na ana nakala ya karatasi zao.

Mengine kwa ufupi. Kipimo cha UVB (miale ya taa za vinyonga) cha chama kimerudi kimevunjika kioo, aliyekuwa nacho mwisho anajijua, aongee na katibu. Semina ya kuandaa vamikulaiti (chembe za madini za kulazia mayai) na kuweka unyevu sawa kwenye makopo ya mayai itarudiwa kwa sababu waliokosa ni wengi kuliko waliokuja. Uchaguzi wa kamati upo kwenye mkutano mkuu, nafasi ya mtunza daftari iko wazi na inataka mtu mwenye subira na mwandiko unaosomeka. Walio na lateralis, hata jike mmoja mzee, waandike kwa katibu tarehe ya kuzaliwa, wazazi na mara alizotaga, kabla ya mkutano, ili siku hiyo tupange nani anampa nani dume.