Kwa kaka yangu aliye Winnipeg: dubu umemlilia, na popo je?

Kaka yangu mpendwa, shikamoo.

Picha uliyoipiga Churchill, huko huko Kanada, ya dubu mweupe na watoto wake wawili, imetufikia, na mama ameifurahia sana. Umeandika kwamba ulipomwona akiwanyonyesha machozi yalikutoka. Nakuamini, kwani huruma unayo tangu utotoni, na ndiyo maana lile la mvule wa nyuma ya nyumba limenishinda kulimeza.

Ulisema wale popo waliokaa juu yake ni ndege wachafu tu, na mti ukaangushwa asubuhi iliyofuata hitima ya baba. Jike aliyeanguka na tawi nilimwinua mimi. Alikwisha kufa, lakini mtoto alikuwa bado amemng'ang'ania kifuani, macho wazi, chuchu iliyo karibu na kwapa imo mdomoni. Ulipita, ukatazama, ukaagiza chai.

Ndege gani huyo anyonyeshaye, kaka? Huyo dubu wako, mwenye kilo mia mbili na zaidi, huzaa ndani ya pango la theluji mtoto kipofu wa gramu 600 hivi, akamlea kwa miezi bila yeye mwenyewe kula, kwa maziwa ambayo karibu theluthi yake ni mafuta. Popo wa Pemba aliyekomaa ana uzito usiopishana sana na wa mtoto huyo. Naye huzaa mmoja tu kwa mwaka, akaruka naye kifuani kwa mabawa yanayofika mita 1.6 toka ncha hadi ncha, ambayo ni ngozi iliyotandazwa juu ya vidole. Na mkono wa mbele wa dubu una vidole vitano vile vile. Tena popo huyu hapatikani kokote duniani ila kisiwani kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wachache mno kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, hadi watu wa Kidike na vijiji vingine walipowalinda, na leo wamo kwa maelfu.

Nakusihi uisome habari yao kabla ya kuuliza tena kuhusu kukiuza kiwanja cha nyumbani. Watu wanasema nakuzuilia haki yako, nawe hujawakanusha. Mimi ndiye niliyebaki na wazee, na mivule miwili ingali pale na popo wake. Ukija utafikia kwangu kama kawaida, na chumba chako kipo; hati ya kuuza sitaitia saini.