Risala ya Kikundi cha Wanafunzi Wachambuzi wa Picha za Tiba kwa Mgeni Rasmi, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Daktari,
Wakuu wetu na walimu wetu,
Wazazi, na ndugu wanafunzi,

Jambo kwenu nyote.

Mama Daktari, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Foleni ya chumba cha radio, yaani cha picha za eksirei, haipungui kwa kuwa wewe uko hapa, kwa hiyo tutasema yaliyo ya lazima.

Kikundi chetu kina wanafunzi wa tiba na wa informatiki. Wa tiba wanalijua pafu lakini wakiona skripti, yaani orodha ya amri zinazoandikiwa kompyuta, wanarudi nyuma. Wa informatiki wanaandika skripti usiku kucha bila kujua kwamba pafu la kulia la mgonjwa huonekana upande wa kushoto wa picha. Kilichotukutanisha ni kazi ambayo upande mmoja peke yake hauiwezi: kupima mamia ya picha za kifua kwa mkupuo, zote kwa kipimo kilekile.

Tunatumia ImageJ, programu ya kuchambua picha iliyotengenezwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na kutolewa mwaka 1997. Ni ya bure, na inakubali kufanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu, jambo ambalo kwetu si dogo. Picha za mazoezi ni seti mbili zilizo wazi kwa watafiti: ya Montgomery, Marekani, yenye picha 138, na ya Shenzhen, China, yenye picha 662. Kila jina la faili huishia na 0 kwa kifua kisicho na dalili, au 1 kwa kifua chenye dalili za kifua kikuu.

Wengi hudhani ugumu uko kwenye hesabu. Hesabu ndiyo rahisi. Picha moja ya Montgomery ina pikseli, yaani nukta za picha, karibu milioni 20. Kwa baiti 2 kila pikseli, hiyo ni megabaiti 40 hivi. Ukifungua zote 138 kwa pamoja umeshapita gigabaiti 5, na kompyuta ya mwanafunzi inaganda. Kwa hiyo skripti yetu hufungua picha moja, huipima, huandika mstari mmoja kwenye jedwali, huifunga, kisha huendelea. Kabla ya kugusa picha yoyote hutazama kwanza kama mstari wake umeshaandikwa. Umeme wa mji wetu mnaujua: ukikatika saa nane za usiku, asubuhi kazi inaendelea pale iliposimama, haianzi upya.

Tumejifunza pia kutoliamini jedwali kwa sababu tu limejaa. Kwa kawaida pafu la kulia ni kubwa kuliko la kushoto. Jedwali likionyesha la kushoto linashinda karibu kila mahali, basi mtu amegeuza pande, na mashine imerudia kosa hilo kwa uaminifu mkubwa hadi picha ya mwisho.

Picha za hospitali zina mitego yake. Huja katika muundo wa faili za picha za tiba uitwao DICOM, uliopata jina hilo mwaka 1993, na ndani ya kila faili kuna maelezo kuhusu picha yenyewe. Faili moja husema thamani ndogo ni nyeusi, nyingine husema thamani ndogo ni nyeupe. Skripti isiyosoma maelezo hayo itakuletea mifupa myeusi na mapafu meupe, kisha itayapima bila wasiwasi. Kuna pia mgonjwa aliyepigwa radio kitandani, mionzi ikitokea mbele: moyo wake huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ukimchanganya na waliosimama, mionzi ikitokea mgongoni, kipimo cha upana wa moyo kwa upana wa kifua kinaweza kuvuka mpaka wa kawaida wa 0.5, na mtu mwenye moyo mzima akaandikwa mgonjwa. Wewe Mama Daktari unaligundua hilo kwa kutupa jicho. Skripti haina jicho, lazima iambiwe.

Hapo ndipo tunapofikia haja yetu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zitumike kusoma picha za kifua katika kuwatafuta wenye kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Lakini programu huipa kila picha alama, na kiwango ambacho alama ikikivuka mtu aitwe kupimwa makohozi hupasa kupimwa kwa watu wa mahali husika. Sisi tumefanya mazoezi kwa vifua vya Montgomery na Shenzhen. Huu ni mji wa shaba. Babu zetu na baba zetu wamevuta vumbi la mawe chini ya ardhi na kwenye viwanda. Vumbi la silika huacha makovu kwenye pafu na humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Kovu hilo programu italiitaje, ikiwa haijapimwa kwa mapafu ya namna hiyo?

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatukuja kuomba kompyuta. (Betri ya akiba ikitokea, tutaipokea kwa mikono miwili.) Tunaomba utusindikize mbele ya kamati ya maadili, ili tupate ruhusa ya kutumia picha za zamani za hospitali, majina yakiwa yamefutwa humohumo hospitalini kabla faili halijatoka: yafutwe kwenye maelezo ya faili, na pia yale yaliyoandikwa juu ya picha yenyewe, ambayo watu husahau.

Ombi la pili ni zito zaidi, nalo ni saa zako na za daktari mwenzako. Tunahitaji wasomaji wawili, kila mmoja asome peke yake bila kujua mwenzake au mashine imesema nini. Mkipishana, hapo ndipo tutakapotaka kukaa na kusikiliza.

Kwenye meza ya kulia tumeweka picha chache za Shenzhen. Alama za programu zimefunikwa kwa karatasi. Baada ya hotuba yako tunakuomba uzisome wewe kwanza, halafu tufunue.

Ahsante sana, na karibu kipaza sauti.

Ni sisi wanafunzi wako,
Lubumbashi