Kwa wakufunzi wa Kiingereza vyuoni: msiniulize mshahara, niulizeni kinachobaki

Wanangu, walimu wenzangu,

Nawasalimu. Wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia simu usiku, saa ambazo mtu hapigi ila ana msiba au ana neno zito. Msiba hakuwa nao. Alikuwa amepata barua ya ajira kutoka chuo cha mji mwingine, mshahara umezidi wa sasa kwa robo nzima, na anatakiwa kujibu ndani ya siku saba. "Mwalimu, niende?" Nikamuuliza kodi ya nyumba huko ni kiasi gani. Kimya. Nikamuuliza atapewa vipindi vingapi kwa wiki, na darasa moja lina wanafunzi wangapi. Kimya tena, kisha akacheka kile kicheko cha mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani.

Najua si yeye peke yake, ndiyo maana nawaandikia nyote.

Nimefundisha Kiingereza vyuoni miaka thelathini na minne, na kosa analotaka kulifanya mimi nililifanya yeye hajazaliwa. Nilihama chuo kwa ajili ya mshahara uliozidi kwa theluthi. Hati ya mshahara wa kwanza niliikunja mara nne nikaitia mfuko wa shati, mchana kutwa mkono unakwenda kifuani kuhakikisha ipo. Mwezi wa tatu nikakaa na daftari. Kodi ya pango ilikuwa imemeza nyongeza yote na kuanza kuutafuna mshahara wa zamani. Kule nilikotoka nilikuwa natembea kwa miguu hadi darasani. Huku nilipanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Na wale wanafunzi wa jioni, watu wazima waliokuja wenyewe mlangoni kujifunza kuandika barua za kazi, sikuwahi kuwahesabu kuwa ni kipato. Niliwaacha nyuma, na ndipo nilipojua walikuwa wananilipia nini. Mke wangu alilisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa, akalifunga, hakusema neno. Afadhali angesema.

Ukitaka kulinganisha chuo na chuo, weka mshahara baada ya makato, siyo ule wanaouandika kwenye tangazo. Toa nyumba. Toa nauli. Toa chakula, ada za watoto, na zile fedha unazowatumia wazazi, maana hizo hazihami na wewe, zinabaki pale pale. Kinachosalia ndicho cha kulinganisha. Jarida la The Economist la Uingereza lilianza mwaka 1986 kupima nguvu ya fedha za nchi kwa bei ya baga moja, na watu wakaupenda mchezo huo. Ni mchezo mzuri, lakini sijaona mtu anayelala ndani ya baga. Bidhaa zinasafiri kutoka mji hadi mji, kwa hiyo bei zake hazitofautiani sana. Nyumba haisafiri. Miji miwili inaweza kuuza sabuni kwa bei moja na bado mmoja ukakumaliza kwa kodi. Waajiri wa London wanalijua hilo tangu karne iliyopita, ndiyo maana wengi wao huongeza posho maalumu kwa anayefanya kazi jijini humo. Ulizeni kama chuo chenu kina posho ya namna hiyo. Mara nyingi ipo kwa wakubwa tu.

Mtaambiwa pia kwamba nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato. Kipimo hicho kina historia yake. Marekani, mwaka 1969, sheria iliyosukumwa na seneta Edward Brooke iliweka kikomo cha robo ya kipato kwa wapangaji wa nyumba za umma. Mwaka 1981 kikapandishwa hadi asilimia 30. Ni uamuzi wa bajeti ya serikali, si kanuni iliyoshuka kutoka mbinguni. Kwa mwenye kipato kidogo hata asilimia 30 inaweza kuwa nyingi, kwa sababu kile kinachobaki hakitoshi sufuria. Mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, aliliona hili mwaka 1857 alipochambua matumizi ya familia za wafanyakazi: kipato kikipungua, chakula ndicho kinachochukua sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo siku mwajiri atakaposema nyongeza imelingana na mfumuko wa bei, muulizeni, mfumuko wa kapu la nani? Kapu la takwimu, yaani orodha ya vitu ambavyo bei zake hupimwa, ni la wastani wa watu wote, wamo na wenye magari mawili. La kwenu limejaa unga na kodi ya nyumba, na hivyo vinaweza kupanda kwa kasi yao wenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi, nalo ni saa.

Mwalimu wa Kiingereza haibiwi kwenye mshahara peke yake, anaibiwa kwenye rundo la insha. Chukueni mwalimu mwenye vipindi kumi na viwili vya saa moja moja kwa wiki, madarasa manne, kila darasa wanafunzi 35. Hao ni 140. Awape insha moja ya kurasa mbili. Kuisoma kwa haki, kuona wapi hoja imekatika, kuandika pembeni maneno mawili matatu yatakayomsaidia mtoto, si kuchora mistari myekundu tu, ni dakika kumi na tano ukienda mbio. Dakika hizo mara 140 ni saa 35. Ongeza saa kumi na mbili za darasani na nyingine kumi na mbili za maandalizi. Wiki hiyo amefanya kazi saa 59. Kama ni mwalimu wa muda anayelipwa kwa kipindi, amelipwa saa kumi na mbili. Gawanya malipo yake kwa 59, utaona kwamba kile kiwango cha saa kilichomvutia kwenye mkataba kimebaki moja ya tano.

Mimi nilisahihisha ndani ya basi, rundo mapajani, kalamu ikiruka kila tulipopita kwenye shimo. Kuna binti mmoja alinirudishia insha yake akauliza, "Mwalimu, hapa umeandika nini?" Nilishindwa kusoma mwandiko wangu mwenyewe. Nilimwambia nimeandika 'vizuri'. Sidhani kama niliandika hivyo.

Wenzetu wa Marekani wanaofundisha uandishi vyuoni wana chama chao, CCCC, na viwango vyake vinasema darasa la uandishi lisizidi wanafunzi 20, na ikiwezekana wawe 15, na mwalimu mmoja asibebe zaidi ya 60 kwa muhula. Huko kwao kwenyewe vyuo vingi havivifuati, msije mkadhani kuna pepo mahali. Lakini namba ikiwa imeandikwa, mtu ana pa kuishika. Rudieni hesabu yangu kwa wanafunzi 60: saa kumi na tano za kusahihisha badala ya 35. Mwajiri akikataa kuongeza mshahara lakini akapunguza madarasa mawili, amewarudishia nusu ya maisha yenu. Sijui kwa nini watu hawaombi hili. Wanaomba fedha, wananyimwa, wanakwenda nyumbani.

Msimchukie mhasibu kabla ya kumwelewa. Katika miaka ya 1960 wachumi William Baumol na William Bowen walieleza kwa nini gharama za kazi kama yetu hupanda, kwa mfano wa wanamuziki wanne wanaopiga kipande kimoja cha muziki: kinahitaji watu wale wale na dakika zile zile kama zamani, ilhali kiwandani mashine zimefanya mfanyakazi mmoja atoe mali mara nyingi zaidi. Mishahara ya viwandani ikipanda, ya wanamuziki lazima ifuate kwa kiasi fulani, la sivyo wote wataacha fidla. Basi gharama ya muziki inapanda, wala hakuna aliyezembea. Insha nayo ni hivyo hivyo, haisomeki haraka zaidi kwa sababu mwaka umebadilika. Chuo kikibanwa kina njia mbili za mkato: kupanua darasa, au kuajiri walimu wa muda wasio na likizo yenye malipo wala kiinua mgongo. Vingi vinachukua zote mbili. Likizo ndefu ikifika, mwalimu wa muda anaambiwa "tutaonana muhula ujao", utafikiri mwenye nyumba naye anafunga.

Na hapo ndipo mtakapolisikia neno 'wito'. Mimi nalipenda, niliitika na sijutii. Ila nimeona linavyotumika kumnyamazisha mtu anayeuliza fedha zake. Tarehe 5 Oktoba 1966, mjini Paris, ilipitishwa hati ya ILO na UNESCO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya kazi na ya elimu, kuhusu hadhi ya walimu, ndiyo iliyozaa Siku ya Walimu Duniani. Humo imo wazi kwamba mshahara wa mwalimu umwezeshe yeye na familia yake kuishi kwa kiwango cha heshima, ulingane na wa kazi nyingine zenye sifa kama zake, na upitiwe mara kwa mara kwa kuangalia gharama za maisha. Sisi wa vyuo hatukuwamo, ile ilikuwa ya walimu wa shule. Ya kwetu ilikuja mwaka 1997, miaka 31 baadaye. Zote mbili ni mapendekezo, hazimfungi mtu kisheria. Lakini mkiingia ofisini nazo, anayewaambia "huu ni wito" atalazimika kutafuta neno jingine.

Ingieni wengi. Mwaka 1986 wale walimu wa uandishi wa Marekani, wakiwamo wa muda na wanafunzi wa uzamili waliokuwa wakifundisha kwa ujira mdogo, walikutana katika jimbo la Wyoming wakaandika azimio kuhusu mishahara na mazingira yao ya kazi. Mwaka uliofuata CCCC ikalipokea. Mwaka 1989 ukatoka waraka wa viwango, na wengi wa walimu wa muda wakalalamika kwamba umezitetea zaidi nafasi za kudumu kuliko wao waliolianzisha jambo. Kwa hiyo mkiandika chochote, kalamu ashike yule anayelipwa kwa kipindi. Sisi wa kudumu tuna tabia ya kuwasemea wenzetu kisha tukajisahau tukajisemea wenyewe.

Mengine kwa haraka. Nyumba ya chuo ni malipo makubwa pale ambapo kodi ni kali, ichukueni, lakini kumbukeni siku mkigombana na mkuu wa idara mnapoteza kazi na paa kwa pamoja. Wanaokwenda kufundisha nchi za nje waulize tiketi ya kurudi analipa nani, na mshahara utalipwa kwa fedha ya nchi gani, maana deni la nyumbani halingoji thamani ya fedha ipande. Masomo ya ziada chukueni, ila si kwa mwanafunzi ambaye mtihani wake utausahihisha wewe. Na mikopo ya haraka ile ya simu, ya kusukumia mwezi, mimi imenila miaka miwili. Kukopa harusi kulipa matanga, hata kama harusi yenyewe ilikuwa nauli tu.

Yule aliyenipigia simu nilimwambia achore safu mbili kwenye karatasi, chuo alichopo na kile kinachomwita, aniletee. Ameileta jana. Kaandika mshahara, makato, nauli, vipindi, na idadi ya wanafunzi, ambayo alibidi ampigie mwalimu wa huko kuipata: 48 kwa darasa. Kwenye mstari wa kodi ya nyumba, safu ya pili, ameacha wazi. Anasema dalali hajamjibu. Zimebaki siku mbili, na nimemwambia asitie saini mpaka pale paandikwe kitu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu