Risasi katika chakula hupimika bila kloroformu

Mhariri,

Baadhi ya maabara bado hutumia kloroformu kukusanya risasi na kadimi, metali zenye sumu, kutoka kwenye sampuli za chakula. Mvuke wake hudhuru ini la mpimaji, na mabaki yake ni taka sumbufu. Iache.

Ukusanyaji wenyewe haukwepeki ukitumia kipima atomi cha mwali, yaani kifaa kinachopima metali kwa mwanga unaonyonywa ndani ya moto. Nusu gramu ya nafaka yenye miligramu 0.2 za risasi kwa kilo, ikiyeyushwa kwa asidi ya nitriki na kujazwa maji hadi mililita 50, hutoa mikrogramu 2 tu kwa lita. Kifaa hicho hakioni kiasi hicho.

Badala ya kloroformu, chukua mililita 40 za mchanganyiko huo, weka pH kati ya 4 na 5, tia APDC inayonasa metali, kisha Triton X-114, kemikali ya aina ya sabuni, hadi ifike asilimia 0.1 hivi. Pasha ndani ya maji ya nyuzi 40 kwa dakika 15. Triton hiyo huanza kufanya ukungu karibu na nyuzi 25, ikajitenga na maji pamoja na metali iliyonaswa. Zungusha kwenye sentrifuji, kisha tumbukiza neli katika barafu. Tabaka la chini, lenye Triton na metali, litaganda kiasi cha kukuruhusu kumwaga maji bila kulipoteza. Liyeyushe kwa mililita 2 za ethanoli yenye asidi kidogo, na risasi imekolea karibu mara 20.

Kinachoharibu kazi zaidi ni asidi iliyobaki. APDC huvunjika kwenye asidi kali, kwa hiyo punguza asidi kwa moto mdogo kabla ya kujaza maji, bila kukausha kabisa. Chuma kilichomo kwenye chakula nacho hugombea APDC, iongeze. Sampuli tupu, isiyo na chakula, na viwango vya kulinganishia vipite njia ileile yote, na risasi ya majaribio, yaani kiasi unachokijua, itiwe kabla ya kuyeyusha nafaka. Ikitiwa baadaye, haionyeshi kilichopotea mwanzoni. Kipimo kikionyesha chini ya asilimia 80 ya risasi hiyo, majibu hayo yasitolewe.

Lakini tusiiite njia hii salama kabisa. Triton ikioza hutoa oktilifenoli, inayovuruga homoni za samaki. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya unataka kibali maalumu kwa matumizi ya kemikali za jamii hiyo. Maji yaliyomwagwa kutoka kwenye neli yaende kwenye chombo cha taka, si kwenye sinki.

Mkemia wa chakula