Wewe uliomba mwezi, mimi niliomba giza

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku hatujambo. Baba yako mgongo umetulia kidogo, na bibi yako kila asubuhi anatazama mwembe kama vile embe zitaiva kwa kutazamwa. Anakusalimu sana. Nimechukua kalamu kwa sababu juzi kwenye simu uliniuliza jambo nikakujibu uongo, na tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi.

Uliniuliza, "Mama, jini akitokea hapo mlangoni sasa hivi akakupa haja tatu, utaomba nini?" Nikasema mimi sina ninachotaka, nimeridhika. Ukanyamaza. Kisha ukasema, "Hivyo hivyo ndivyo alivyosema yule mama wa kwenye filamu." Salio likaisha, simu ikakatika, nikabaki nimeishika mkononi.

Filamu naikumbuka vizuri. Ilikuwa likizo ya Desemba, kompyuta yako umeiweka juu ya stuli, mimi nachambua dagaa kwenye ungo, wewe unanitafsiria. Three Thousand Years of Longing, ya mwaka 2022, uliniandikia jina lake nyuma ya daftari langu la madeni. Ukaniambia imetokana na hadithi ya mwandishi Mwingereza, A. S. Byatt, na aliyeiongoza ni George Miller wa Australia. Vile vipande vya kuona haya ukavipeleka mbele haraka, nami nikakushukuru moyoni.

Nilimpenda yule Alithea tangu mwanzo. Mwanamke msomi, kazi yake kuchunguza hadithi, anaishi peke yake London na hana anayemdai wala anayemngoja. Anakwenda Istanbul kwenye mkutano, ananunua chupa sokoni, anaisugua kwa mswaki wa umeme, mara chumba kizima cha hoteli kimejaa jini. Jini mwenyewe ni Idris Elba, ambaye ulisema baba yake ni mtu wa Sierra Leone na mama yake wa Ghana. Anamwambia aombe haja tatu za moyo wake, za kweli, maana bila hizo yeye hawezi kuwa huru. Mwanamke anakataa. Anasema amesoma hadithi zote za haja tatu na hakuna hata moja isiyokuwa ya kuonya.

Hilo halikunishangaza. Mtu wa Ujiji hahitaji kusomea chuoni ili alijue. Kule Kibirizi mwaloni, mfanyabiashara akiongeza mtumbwi wa tatu kabla watu hawajamzoea na wa pili, minong'ono huanza: ana jini, na jini yule amemla nani kwao? Wenzangu wanaweka ndimu na pilipili kwenye mikoba ya pesa kwa kuogopa chuma ulete, ule uchawi wa kunyonya pesa za mtu. Sisi hadithi zetu zote za utajiri wa majini zina bei, na bei yenyewe karibu kila mara ni mtoto. Ndiyo maana nilikuwa naingoja ile filamu ifike kwenye bei. Ikachelewa sana kufika, na ilipofika haikuwa ile niliyoizoea.

Ile habari ya Nabii Suleiman, mwanangu, mimi sikuikubali, na nilikwambia pale pale. Kwenye filamu jini anampenda Malkia wa Sheba, Suleiman anakuja kumposa, anamtia jini chupani na kumtupa Bahari ya Shamu. Nikawaza ingekuwa ziwa letu hili la Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, chupa ile nani angeiona tena? Lakini madrasa tulisomeshwa mengine, na yanapatikana kwenye Surat Saba, sura yenye jina la nchi ya malkia huyo huyo. Majini walimfanyia Suleiman kazi ngumu. Akafa ameegemea fimbo yake, nao wakaendelea kutumika wakidhani bado anawatazama, mpaka mchwa walipoila fimbo mwili ukaanguka. Ndipo wakajua. Lau wangeijua ghaibu wasingekaa katika adhabu ile. Maalimu wetu alikuwa akifika hapo ananyamaza kitambo. Mimi kila nikiikumbuka aya hiyo hujiuliza: kiumbe asiyejua hata kama bwana wake yu hai au amekufa, atajuaje kitakachonipa raha mimi?

Aliyeniliza kwenye filamu ile ni Zefir, mmoja wa waliowahi kumfungulia yule jini zamani. Binti mdogo, ameolewa na mzee tajiri, amefungiwa chumbani, kichwa kimejaa akili zisizo na pa kwenda. Hakuomba dhahabu. Aliomba elimu. Ulidhani nalia kwa sababu ya vumbi la dagaa, na mimi nikakuacha udhani hivyo. Mimi niliishia darasa la saba, mwanangu, na nilikuwa wa pili darasani. Mwaka ule nyumbani palikuwa na pesa ya mmoja, akaenda mjomba wako. Simlaumu mtu. Ila jini angenijia nikiwa na umri wa Zefir, haja yangu ya kwanza ningeitoa kabla hajamaliza salamu. Yule jini alimpa vitabu, akampenda mno, na mwisho Zefir akaomba asahau kama aliwahi kumjua. Jini akabaki chupani. Sehemu ile nilikuomba uirudishe, nikaitazama mara mbili.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu.

Ulipokuwa na miaka mitano au sita, kila baada ya magharibi ulikuwa ukitoka uani kutafuta mwezi. Ukiuona unapiga makofi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala mchangani, na baba yako analala nyumbani. Ulikuwa unadai akusimulie habari za Sungura, naye anasinzia katikati, unamfungua macho kwa vidole. Siku za giza zikiingia anaondoka na karabai zake na wewe unakula kwa kununa. Usiku mmoja nilikusikia kitandani unamwomba Mungu mwezi usiondoke.

Na mimi chumba cha pili nilikuwa naomba giza. Giza ndiyo dagaa, dagaa ndiyo sare yako, ndiyo mafuta ya taa, ndiyo dawa za bibi yako. Nyumba moja, usiku mmoja, mtoto anaomba hili na mama yake anaomba kinyume chake. Kama kungekuwa na jini juu ya paa akisikiliza, angempa nani? Nilijiona katili usiku ule. Sikuwahi kukwambia.

Hata ziwa lilipofungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, samaki wapate kuzaliana, nilikuona uso wako kwenye simu ukihofia tutakula nini. Tulikula. Nilikopa, nikauza mawese, nikauza vitenge viwili vya sanduku langu. Lakini miezi ile mitatu baba yako alikuwa nyumbani giza na mwezi, tukawa tunakaa barazani tunazungumza mpaka baridi inatuingiza ndani. Ziwa lilipofunguliwa nilifurahi sana, nikakimbilia Kibirizi kabla ya alfajiri, na njiani nikagundua kuwa nina huzuni. Kitu kilichonitia njaa ndicho kilichonipa mume wangu. Mpaka leo sijui ningeiombaje hiyo kwa jini, ningeanza na neno gani.

Rudi kwa Alithea. Baada ya kusikia hadithi zote za yule jini, anaomba haja ya kwanza: wapendane. Wanakwenda naye London. Wewe ulifurahi, mimi nikashindwa. Maana jini kazi yake ni kutimiza. Ameambiwa penda, atakataaje? Kisha mawimbi ya simu na redio ya mji ule yanammaliza, anakuwa kama anageuka vumbi. Haja ya pili inatumika kumwamsha aseme neno. Ya tatu inatumika kumwachia arudi kwao. Na akishakuwa huru, hakuna anayemlazimisha, anarudi kumtembelea mwenyewe. Pale ndipo nilipoweka ungo chini. Bei niliyokuwa naingoja ilikuwa hiyo: umpate mtu usijue kama amekuja au ameletwa.

Mwezi uliopita ulinipigia ukasema kuna mwalimu wa hapa Kigoma anatafuta wa kubadilishana naye kituo, anataka Mtwara, na wewe uko Mtwara. Ukauliza, "Nije mama, au nibaki?" Nikakujibu fanya unavyoona. Nilidhani nakupa uhuru. Kumbe nilikuficha. Nilikuachia mzigo wote wa kubahatisha moyo wangu una nini, halafu juzi ukaja na mlango mwingine, wa jini na haja tatu, nikakufungia na huo.

Basi haja yangu ni hii, na ni moja tu: nataka urudi. Nataka nikusikie ukigombana na bibi yako kuhusu chumvi. Nataka jioni ukisahihisha madaftari ya wanafunzi uniite nikae karibu hata kama hatusemi kitu. Chumba chako nimekijaza magunia ya dagaa, lakini nusu siku inatosha kuyatoa.

Nakwambia wewe kwa sababu wewe si jini. Huna deni la kutimiza. Najua kidato cha nne wako wanakutegemea mwaka huu, najua umeizoea bahari, na siku ile ulipokuwa unasimulia msimu wa korosho nilisikia sauti ya mtu aliyepata kwao kwa pili. Ukisema hapana nitalia siku hiyo, kesho yake nitakwenda mwaloni kama kawaida, na Desemba nitakuja stesheni kukupokea kwa furaha ile ile. Usinijibu haraka ili kunifurahisha. Ukijibu hivyo nitaijua sauti yako.

Dagaa kilo nne nimempa mjomba wako, anasafiri na treni Jumanne mpaka Dar es Salaam, kutoka hapo atakutumia kwa basi. Ni wa kuanikwa kwenye kichanja, hawana mchanga. Chupa ya mawese ifunge vizuri, kifuniko chake kimelegea.

Mbalamwezi inaanza wiki ijayo. Sitakwenda mwaloni. Jioni zote nitakuwa barazani na baba yako, piga saa yoyote.

Mama yako